Kiberiti, Gundi au Sindano? Namna ya Kuzuia Utepe Usitoe Nyuzi Nchani

Msimu wa harusi na mahafali ukifika, swali moja hurudi kila wanapokutana watu wa mapambo: utepe nikishaukata unaanza kutoa nyuzi nchani, nifanyeje? Majibu huja kwa kasi. Mmoja anasema choma kwa kiberiti. Mwingine anasema yeye alichoma, utepe ukashika moto. Wa tatu anataja rangi ya kucha, wa nne anaapa kwa supagluu, na wa tano anakwambia tatizo ni bei, nunua utepe wa maana. Aliyeuliza anabaki na mkasi mkononi, hajui la kushika.

Huenda wote wanasema kweli, kila mmoja kwa utepe aliokuwa nao. Neno utepe, au riboni, limebeba vitu vingi vinavyofanana umbo tu huku mali yake ikiwa mbalimbali. Kinachookoa utepe wa poliesta huteketeza wa pamba. Kwa hiyo kabla ya kuuliza uzibe ncha kwa kitu gani, uliza utepe wenyewe umetengenezwa kwa kitu gani.

Nyuzi hutokaje

Utepe wa kufuma una nyuzi za namna mbili. Zinazokwenda kwa urefu huitwa mtande, na zinazokatiza kwa upana huitwa mshindio. Uzi wa mshindio hufika ukingoni, hugeuka, hurudi ulikotoka, hugeuka tena, kama mkulima anayepanda mstari huu na kushuka ule bila kutoka shambani. Kugeuka huko ndiko kunakofunga kingo mbili za ubavuni. Ndiyo maana utepe uliofumwa vizuri hautoi nyuzi pembeni hata ukikaa miaka.

Mkasi ukipita, hali hubadilika. Uzi wa mwisho wa mshindio umelala sambamba na pale ulipokata, na upande wa nje hauna tena wa kuubana. Unateleza na kudondoka. Uliokuwa wa pili sasa ndio wa mwisho, nao unafuata njia hiyohiyo. Kinachobaki ni nyuzi za mtande zimesimama peke yake kama ndevu.

Mwenye kanga, au leso kwa watu wa Mombasa, anaujua mchezo huu. Ukinunua doti, kingo ndefu zimetulia. Zile fupi, kitambaa kilipokatwa, ndizo unazompelekea fundi akupindie. Hakuna anayehangaika na upande mrefu. Utepe ni kanga ya upana wa vidole viwili.

Satini hutoa nyuzi upesi kuliko nyingi, na hapa watu huulaumu ubora bila haki. Mng'ao wa satini unatokana na uzi wa mtande kuruka juu ya nyuzi nne au zaidi za mshindio kabla ya kuzama chini ya mmoja. Mwanga hupiga miruko hiyo mirefu iliyolala, jicho likaona kung'aa. Lakini kila mruko ni mahali ambapo nyuzi hazikubanana. Satini ya bei kubwa ina miruko ileile; huenda nyuzi zake zimesongamana zaidi, ila nchani itatoa nyuzi tu. Utepe wenye matuta madogo ya kukatiza, ule unaozungushwa kwenye kofia, hubana zaidi kwa sababu nyuzi zake hupishana mara nyingi, na hivyo hufumuka polepole. Utepe wa plastiki wa kufungia zawadi, unaojiviringa ukiuvuta kwa ubapa wa mkasi, haukufumwa kabisa. Hauna uzi wa kutoka, na ukiharibika huchanika kwa urefu.

Kuna utepe mmoja wa kuangalia sana dukani. Baadhi ya tepe za bei rahisi hazikufumwa zikiwa tepe. Kitambaa kipana cha satini kimepasuliwa vipande vyembamba kwa kisu cha moto. Hapo hata ubavuni hakuna uzi uliogeuka, kuna mstari mwembamba ulioyeyuka. Pitisha ukucha ukingoni: ukiuhisi mkavu na mkali kama ukingo wa kadi, ni huo. Kwa kufungia zawadi hauna neno. Kwa upinde wa nywele za mtoto, unaofungwa na kufunguliwa kila siku, mstari ule utapasuka na utepe utatoa nyuzi urefu mzima, jambo ambalo hakuna dawa ya nchani itakayolizuia.

Jua kwanza una utepe gani

Karatasi ya kwenye roli mara nyingi husema. Ukiwa umenunua kwa yadi na karatasi imebaki dukani, kipimo cha moto kitakwambia. Kata kipande cha sentimita 3, kishike kwa kibanio cha chuma juu ya sahani yenye maji, dirisha likiwa wazi, kisha kisogeze motoni taratibu.

Poliesta na nailoni hukimbia moto. Hunywea kabla mwali haujazifikia, huyeyuka, na zikipoa huacha punje ngumu isiyosagika kwa vidole. Pamba, kitani na reyoni huwaka moja kwa moja, hutoa harufu ya karatasi inayoungua na kuacha majivu laini ya kijivu. Hariri hunuka nywele zilizoungua, nayo huacha donge jeusi linalosagika. Asetati, ambayo bado hukutwa kwenye baadhi ya tepe za kung'aa, huyeyuka huku ikiwaka na kutoa harufu ya siki. Utepe wa mchanganyiko utakupa dalili mbili kwa pamoja. Uchukulie kama wa pamba, ndiyo salama.

Poliesta ya utepe ni plastiki ileile ya chupa za maji ya kunywa. Aliyewahi kumimina maji yaliyotoka kuchemka kwenye chupa hizo ameona zinavyonywea. Uzi wake huyeyuka karibu sentigredi 250 hadi 260, ukipoa unaganda na kushikana na jirani yake, na nyuzi zote za nchani zinakuwa ukingo mmoja. Pamba haiyeyuki kwa joto lolote. Inatoka kuwa kitambaa inakuwa mkaa. Kinachoitwa "kuchoma ncha" kwa kweli ni kuyeyusha ncha, na kisichoyeyuka hakina cha kupata motoni zaidi ya kuungua.

Ndiyo maana mbinu hii si ya mababu. Tepe zilizofumwa karne ya 19 katika miji ya Saint-Étienne, Ufaransa, na Coventry, Uingereza, zilikuwa za hariri, na ncha zake zilihitaji pindo la sindano. Nailoni ilitangazwa Marekani mwaka 1938, na poliesta ikapewa hataza Uingereza mwaka 1941. Kuyeyusha ncha za nailoni na poliesta kwa mwali hakuwezi kuwa na umri zaidi ya huo.

Kuyeyusha bila kuacha weusi

Lalamiko kubwa la wanaotumia moto ni ncha kuwa nyeusi, hasa kwenye utepe mweupe au wa krimu. Weusi huo kwa kawaida si utepe ulioungua, ni masizi. Sehemu ya njano ya mwali inang'aa kwa sababu imejaa chembe za kaboni za moto. Ukiingiza utepe humo, chembe hizo hugandia plastiki iliyolainika na hazitoki tena hata kwa sabuni. Kibatari cha mafuta ya taa ndicho kibaya kuliko vyote. Njiti ya kiberiti nayo haifai: mwali wake unachezacheza, muda ni mfupi, na mkono wako mmoja umeshafungwa.

Tumia mshumaa uliosimama imara, utambi umepunguzwa ubaki kama milimita 5, mahali pasipo na feni wala upepo. Eneo la kufanyia kazi liko chini, ubavuni mwa mwali, pale penye rangi ya buluu karibu na utambi. Pale hapana masizi. Kiberiti cha gesi kina buluu hiyohiyo chini, ila chuma chake hupata moto, kwa hiyo kipumzishe kila baada ya ncha chache.

Anza kwa kukata ncha upya kwa mkasi mkali. Nyuzi zilizokwisha chomoka usiziache, kwa sababu ndizo zitakazokuwa utambi na kuupeleka moto ndani. Shika utepe kwa mikono miwili, sentimita 2 hivi kutoka nchani, uuvute kidogo ukae bapa. Ulete kwa ubavu, si kutoka juu ya mwali, na uusimamishe umbali wa milimita 5 hadi 8 bila kugusa. Upitishe kutoka pembe moja hadi nyingine kwa mwendo mmoja usiosita. Utepe wa inchi moja, yaani sentimita 2.5, hauhitaji zaidi ya sekunde mbili.

Kitazame kinachotokea, maana dalili ni ndogo. Ncha inajivuta nyuma kiasi cha unene wa uzi, kisha unatokea mstari mwembamba unaong'aa kana kwamba umelowa. Mstari huo ukishatembea kutoka ukingo hadi ukingo, ondoa mara moja. Subiri sekunde kumi kabla ya kuugusa, kwani plastiki ya moto hushika ngozi na hukokota ngozi ikitoka. Kisha uinue kwenye mwanga wa dirisha uangalie pembe mbili: huko ndiko mwali husahaulika, na ufumukaji ukianza tena utaanzia huko. Kwaruza kwa ukucha mara mbili. Nyuzi zisiposogea, kazi imekamilika.

Ncha ikijiviringa au ikapata vishanga vidogo vigumu, umekaribia mno au umekawia. Usiirudishe motoni kuinyoosha. Ikate uanze upya. Vishanga hivyo hukwaruza shingo na paji la uso, kwa hiyo kwenye vitu vya watoto vina uzito kuliko urembo tu. Oganza ni nyembamba kiasi kwamba nusu sekunde inatosha, na umbali uwe sentimita moja au zaidi. Mahameli ya poliesta ielekeze mgongo kwenye moto, vinginevyo manyoya yake yatasinyaa upande unaoonekana.

Ukiwa na vipande mia vya kukata, mshumaa utakuchosha. Pasi ya kulehemu, ile ya fundi redio, hukata na kuziba kwa mpigo mmoja. Tandaza utepe juu ya kigae au kioo, weka rula ya chuma, pitisha ncha ya pasi kando ya rula kwa mwendo sawa. Ncha hiyo iwe safi, isiwe na mabaki ya risasi ya kulehemu. Mvuke wa plastiki haufai mapafuni, basi kazi hiyo ifanyike kwenye hewa inayopita, mbali na watoto na mbali na makopo ya rangi ya kucha au pafyumu.

Vya kutoyeyuka: gundi kabla ya mkasi

Kwa pamba, hariri, kitani na utepe wa gunia, kimbilio ni gundi au sindano. Wengi hukata kwanza, wakaona nyuzi zinatoka, ndipo wanapaka gundi juu ya vurugu. Matokeo ni ncha nene, chafu, yenye nyuzi zilizoganda zikielekea kila upande. Geuza mpangilio. Paka pale utakapokata, acha ikauke, halafu kata katikati ya mstari wa gundi. Nyuzi hazipati nafasi ya kusogea hata mara moja, na kwa mpako mmoja umeziba ncha mbili, ya kipande hiki na ya kinachofuata.

Gundi ya kutosha ni ile nyeupe ya maji, ya maseremala na ya shuleni. Changanya kijiko kimoja cha gundi na kijiko kimoja cha maji ili ipenye nyuzi badala ya kukaa juu. Weka utepe juu ya mfuko wa plastiki, maana ukiuweka juu ya karatasi utagandana nayo. Kwa brashi nyembamba au kijiti cha meno piga mstari wa upana wa milimita 4, kisha geuza upake na upande wa pili. Baada ya saa moja hivi, kukiwa hakuna unyevu mwingi, mstari utakuwa hauonekani na utaukata kama karatasi. Kwenye hali ya hewa ya pwani, hasa wakati wa mvua, upe muda zaidi. Utepe wa gunia una nyuzi nene zilizoachana, kwa hiyo usichanganye maji na mstari uwe sentimita moja.

Gundi hiyo ina udhaifu mmoja: ya kawaida hulainika majini. Shada la ukutani, kadi, kikapu cha zawadi, sawa. Nguo itakayofuliwa, hapana.

Rangi ya kucha isiyo na rangi ni nzuri kwa ncha chache za haraka. Mpako mwembamba wa milimita 2 kila upande, dakika ishirini za kukauka, basi. Jaribu kwenye kipande kwanza, kwa kuwa huweka kivuli kama doa la maji kwenye satini nyembamba. Usiipake kwenye asetati: viyeyushi vilivyomo huweza kuilainisha, na asetoni ya kufutia kucha huiyeyusha kabisa. Wala usipake rangi ya kucha kisha ukapitisha motoni "ili ishike zaidi", kama wengine wanavyoshauri. Ni kimiminika kinachowaka upesi, na mikono yako ndiyo iliyo karibu.

Supagluu ndiyo ushauri ambao ningependa ukome kuzungushwa. Ikikutana na pamba hukauka kwa kasi na kutoa joto, wakati mwingine joto la kuunguza ngozi, pamoja na mvuke unaochoma macho. Hata pale isipoleta madhara, huacha ukungu mweupe na ncha ngumu kama kijiti. Haina inachofanya kwenye utepe ambacho gundi ya shuleni haiwezi kufanya kwa utulivu.

Kitakachofuliwa kishonwe

Mkanda wa gauni, upinde wa sare ya shule, utepe wa mto: vyote hivi vitaingia majini tena na tena, na mshono ndio unaodumu. Acha sentimita moja ya ziada. Kunja milimita 5, kunja tena milimita 5 ili ncha iliyokatwa ifichwe ndani, shona. Kwenye utepe mwembamba mshono wa mkono hukaa vizuri kuliko cherehani, ambayo huweza kuumeza utepe chini ya futi, kile chuma kinachobana kitambaa. Ukilazimika kutumia cherehani, weka karatasi nyembamba chini, shona pamoja nayo, uichane baadaye.

Pindo la ncha ya mshale ni zuri zaidi kwa mkanda wa kiunoni. Kunja utepe kwa urefu, uso kwa uso, shona ncha kwa kukatiza ukiacha milimita 5, kisha pindua. Ncha inajifungua ikiwa pembetatu safi, na nyuzi zote zimefungiwa ndani.

Kukata mshazari, na ile V

Wanasema ukikata mshazari utepe hautoi nyuzi. Hutoa, ila kwa kuchelewa. Ukikata wima, uzi mzima wa mshindio hulala kwenye mstari wa mkasi na unaweza kudondoka wote kwa mara moja. Ukikata kwa pembe ya digrii 45, mkasi unagusa kila uzi kwa ncha tu, na sehemu yake iliyobaki bado imebanwa ndani. Mkasi wa meno hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Kwa zawadi itakayofunguliwa kesho, mshazari peke yake unatosha. Kwa kitu cha kukaa, kata mshazari halafu uzibe.

Umbo la V huwachanganya wengi, wakapata mkuki badala yake. Kunja utepe kwa urefu. Anzia mkasi upande wa mkunjo, sentimita 1.5 ndani kutoka mwisho, uelekee nje hadi kwenye pembe ya kingo zilizo wazi. Ukianzia kwenye kingo utapata ncha iliyochongoka katikati. Kwenye kuyeyusha, bonde la V ndilo linaloungua, kwa kuwa joto linakutana kutoka pande mbili. Pitisha kila mkono wa V peke yake, ukianzia bondeni kwenda nje.

Utepe wenye waya ukingoni hauhitaji maarifa mapya, ila usiukate kwa mkasi wako wa kitambaa. Waya utautia pengo, na mkasi wenye pengo huburuta nyuzi badala ya kuzikata. Mkasi huohuo usiukatie karatasi wala selotepu, na selotepu yenyewe usiibandike nchani ukitarajia kuibandua, kwani itatoka na nyuzi ulizokuwa unazilinda.

Si kila ncha inahitaji shughuli yote hii. Utepe wa kukatwa na mgeni rasmi mlangoni mwa jengo jipya utafumuka mbele ya kamera, na hakuna anayeutazama tena baada ya makofi.

Uliokwisha fumuka

Usivute nyuzi zilizojitokeza moja moja. Kila unayovuta inalegeza nyingine. Kata milimita 5 ndani ya sehemu iliyo nzima, kisha uzibe kulingana na mali ya utepe.

Urefu usipokuwepo wa kupunguza, fuata njia ya kikoi. Matamvua ya kikoi ni ufumukaji uliokubaliwa na kupangwa: mtande umeachwa wazi bila mshindio, kisha ukasokotwa na kufungwa mahali pake. Ondoa kwa sindano nyuzi zote za mshindio kwenye sentimita 2 au 3 za mwisho hadi ufike mstari ulionyooka. Gawa mtande kwenye mafungu madogo yaliyo sawa. Chukua mafungu mawili, sokota kila moja kuelekea kulia mpaka lianze kujipinda, yaweke pamoja uyaache yasokotane kuelekea kushoto, kisha piga fundo. Pamba na hariri zitakaa hivyo. Satini ya poliesta huteleza, kwa hiyo tia tone la gundi chini ya kila fundo, na tone jingine mwanzoni mwa matamvua, pale mshindio wa mwisho uliposimama.